Bata wa Dalali

Kabla hajaugua, hakuna mtu aliyewahi kumwomba Dalali arudie alichosema. Sauti yake ilitoka kifuani ikafika mpaka kwenye geti la yadi ya mnada bila kipaza sauti, na wenye maduka ya jirani walijua kitanda kimeuzwa au kabati limekosa mteja bila kunyanyuka kwenye viti vyao. Alikuwa mfupi, ana tumbo la kiasi, anapenda mashati ya mikono mirefu ambayo aliyakunja mpaka kwenye viwiko kabla ya kupanda juu ya kreti lake. Akishapanda, watu walinyamaza wenyewe.

Siku moja aliletewa feni mbovu, injini imeungua. Akaiinua juu.

"Feni hii haina kelele hata kidogo," alisema. "Ukiiwasha, mtoto haamki. Mwenye nyumba hajui. Hata feni yenyewe haijui."

Aliyeinunua aliondoka nayo anacheka, huku anajua kabisa kwamba amenunua chuma.

Nyumbani alikuwa yuleyule. Mke wake alikuwa fundi cherehani, anashona mapazia na sare za shule kwenye chumba cha mbele, mtu asiye na makuu wala maneno. Watu wakimuuliza mbona mkimya hivyo, alijibu kwamba maneno ya nyumba ile yaligawanywa vibaya tangu siku ya harusi, mwenzake akabeba yote. Walikuwa na binti mmoja tu, mtu mzima, muuzaji katika duka la dawa, aliyepanga chumba upande wa pili wa mji.

Ugonjwa ulimkuta kazini, asubuhi, watu wamejaa. Alikuwa ananadi kabati la vioo.

"Tazameni sabuni hii," alisema. "Sabuni ya milango miwili."

Watu wakacheka. Walikuwa wamemzoea kwa vituko. Yeye akasita, akafuta jasho, akaanza upya. "Sabuni hii, mwenyewe anahama. Ina mwavuli. Mwavuli safi." Watu wakazidi kucheka, mmoja akapiga kelele kwamba anaomba na koti la mvua. Aliyeona mapema ni msaidizi wake, jamaa waliyemwita Mrefu, ambaye kazi yake ilikuwa kushikilia bidhaa zionekane. Akiwa ameshika mlango wa kabati aliona upande mmoja wa mdomo wa bosi wake umelegea na kushuka, kama pazia lililochomoka kwenye pete. Aliuacha mlango, akamdaka kabla hajagusa chini. Hata hapo kulikuwa na waliodhani ni sehemu ya mchezo.

Hospitali walisema ni kiharusi. Mguu ulirudi taratibu, mkono wa kulia ukabaki mzito, lakini kilichoondoka hasa ni maneno. Akili ilikuwa palepale. Alielewa kila alichoambiwa, alijua anachotaka kusema, ila neno lililotoka mdomoni halikuwa lile alilolituma. Akitaka maji alisema ufunguo. Akitaka kufungiwa dirisha alisema shangazi. Alijisikia anakosea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Ungemwona uso unabadilika papo hapo, neno likiwa bado hewani.

Neno moja lilibaki zima. Mtu akiingia na kumwambia "shikamoo," alijibu "marahaba" kwa sauti yake ileile ya yadini, nzito na iliyonyooka. Wageni wakafurahi, wakavuta viti, wakauliza unaendeleaje. Hapo ndipo kila kitu kilipovurugika. Wengine walianza kumsemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi. Wengine walimuuliza mkewe: "Amekula? Analala vizuri?" na yeye amekaa hapohapo anawatazama. Baada ya muda wageni wakapungua. Mtaalamu wa tiba ya usemi alimpa kadi za picha za kufanyia mazoezi nyumbani: mpira, kikombe, kuku. Alizitazama mara moja, akazisukuma zikaanguka chini ya cherehani. Tangu siku hiyo akaacha kujaribu. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, na aliketi humo akiwa amewapa watu mgongo.

Binti aliacha chumba chake cha kupanga akarudi kumsaidia mama. Alikuja na nguo, godoro, na mazoea yake ya Jumapili mchana, ambayo alimweleza mama yake kwa tahadhari.

"Tunakutana watu watatu tunacheza. Mimi, rafiki yangu muuguzi, na yule fundi friji aliyetutengenezea friji ya dukani. Ni mchezo wa wanyama wahalifu."

"Wahalifu?" Mama aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani. "Unataka kuleta wezi kwenye nyumba yenye mgonjwa?"

"Ni wanyama, mama. Na hawaibi kitu cha maana. Juzi wameiba kofia ya mkuu wa shule."

"Mkuu wa shule naye ni nani?"

"Kondoo."

Mama akarudi kwenye pazia lake. Binti akaichukulia hiyo kuwa ruhusa.

Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala karata. Kila mchezaji alijitungia mnyama wake na kuandika kwenye karatasi ni nani, anajua kufanya nini, udhaifu wake ni upi, na kilichomwingiza kwenye uhalifu. Binti alikuwa msimulizi. Yeye ndiye aliyeeleza mji ulivyo, walinzi wamesimama wapi, mlango gani umefungwa. Wengine walisema wanyama wao wanafanya nini, na jambo likiwa gumu walirusha dadu kujua kama limefanikiwa. Fundi friji alikuwa nungunungu anayefungua kufuli kwa miiba yake mwenyewe, na kila akifungua moja analia kwa maumivu. Muuguzi alikuwa popo anayeogopa giza. Safari hii walipanga kuiba keki ya harusi ya meya, na meya alikuwa twiga.

Walikaa kwenye meza ya kulia chakula wakacheka kwa kujibana, kwa sababu ya yule aliyewapa mgongo dirishani. Kila mtu alimwogopa kidogo, isipokuwa fundi friji, ambaye hakuwahi kumjua kabla ya ugonjwa na hakuwa na cha kulinganisha. Katikati ya mazungumzo aligeuka.

"Na wewe mzee, ungekuwa mnyama gani?"

Binti alimkanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amechelewa. Dalali alikuwa amegeuza shingo. Midomo yake ilihangaika, ikakusanya nguvu.

"Bata," alisema.

"Safi," alisema fundi friji, akaandika kwenye karatasi mpya. "Bata."

"Bata," alisema tena Dalali, sasa anatikisa kichwa kwa hasira. "Bata. Bata." Akapiga mkono wa kushoto kwenye mkono wa kiti.

Mama akaja na mkasi mkononi. "Siyo bata anayemtaka," alisema. "Hamwoni?"

Wakaanza kumkisia, kila mtu na wake: simba, chui, sungura, mbwa, mamba. Kwa kila jina alitikisa kichwa, na kadiri majina yalivyoongezeka ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjana. Mwishowe alinyanyuka, akaburuta mguu mpaka chumbani, akafunga mlango. Mpaka leo hakuna anayejua alikuwa anamtaka mnyama gani. Binti alilia jikoni, na wageni wakaondoka bila kunywa chai.

Katikati ya wiki, mama alikuwa anapima kitambaa akamwona mumewe amesimama kwenye meza. Ile karatasi ilikuwa bado pale, hakuna aliyepata moyo wa kuitupa. Alikuwa ameweka kidole juu ya neno lile moja lililoandikwa. Mama akajifanya anahesabu vifungo.

Jumapili iliyofuata, wageni walipoingia kwa kunyata kama watu wanaoingia msibani, walimkuta Dalali ameshakaa mezani, shati limekunjwa mikono. Mbele yake palikuwa na karatasi. Aliigonga kwa kidole.

"Bata," alisema. Safari hii hakutikisa kichwa.

Wakamtunga bata huyo pamoja. Kazi ilienda polepole, kwa sababu binti alikuwa anasoma mambo ya kuchagua, baba anagonga au anapunga mkono kukataa. Mwembamba au mnene? Mnene. Anavaa nini? Hapo akashika kola ya shati lake mwenyewe. Udhaifu wake? Muuguzi alipendekeza kwamba bata huyo hawezi kupita kwenye dimbwi bila kuingia, hata kama polisi wako nyuma yake, na Dalali alitoa sauti puani iliyokaribia kuwa kicheko. Kisha wakafika kwenye ujuzi.

"Kupanda kuta?" aliuliza binti. "Kufungua kufuli? Kukimbia? Kujificha? Kudanganya watu kwa maneno?"

Baba aligonga meza kwenye hilo la mwisho. Binti alidhani amekosea, akasoma tena moja moja. Akagonga palepale.

Binti aliandika: mjanja wa maneno. Alikuwa anawaza kwamba amemkosea baba yake vibaya, kumpa mchezo ambao ndani yake atatakiwa kufanya kile kitu kimoja asichoweza.

Wizi wa keki ulianza. Nungunungu na popo walikuwa dirishani kwa meya, lakini mlangoni alikaa kiboko mlinzi kwenye kiti chake, na lazima mtu amshughulishe. Kazi ilikuwa ya bata. Binti angeweza kusema tu kwamba bata amefaulu, wakaendelea. Lakini baba yake alikuwa anamsubiri. Binti akaishusha sauti yake ikawa nzito.

"Kiboko anasema: Wewe bata, una shughuli gani hapa?"

Dalali akachomoa mto alioukalia, akauinua juu kwa mkono wa kushoto.

"Nani zaidi?" alisema. "Haya, nani zaidi?"

Cherehani kwenye chumba cha mbele ikanyamaza. Fundi friji ndiye aliyeshtuka wa kwanza. "Mia," alisema.

"Nani zaidi?"

"Mia mbili," alisema muuguzi.

"Mara ya kwanza. Nani zaidi? Mara ya pili."

"Mia tatu," alisema binti kwa sauti ya kiboko, akiuhesabu mto kuwa kiti cha mlinzi. "Lakini ngoja. Hiki si kiti changu?"

"Mara ya mwisho," alisema Dalali. "Imeuzwa." Akaugonga mto mezani.

Kiboko alikuwa amenunua kiti chake mwenyewe, na keki ilikuwa imeshatoka dirishani. Walicheka mpaka muuguzi akalaza kichwa mezani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, sindano ameibana midomoni, ameisahau.

Hapo ndipo matatizo mapya yalipoanza. Dalali aliamini kwamba sauti imerudi. Asubuhi ya siku ya mnada alijivalisha mwenyewe, vifungo akavifunga kwa mkono mmoja, akasimama mlangoni. Binti alikuwa ameshamuuliza mtaalamu kwa simu, naye akamweleza kwamba maneno ya mazoea, kama wimbo au salamu, huweza kutoka yenyewe hata kama mazungumzo ya kawaida yamegoma. Hayo mawili siyo kitu kimoja. Mama alijaribu kumweleza mumewe hayo akiwa anamnyooshea kola. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mlango. Mama akachukua mtandio wake akamfuata.

Yadini walimpokea kwa makofi. Mrefu, aliyekuwa juu ya kreti, alishuka mwenyewe akamkabidhi nyundo kwa mikono miwili. Kilichokuwa kinauzwa ni kitanda cha mbao. Dalali alipanda, akaangalia watu, na sauti ikatoka.

"Nani zaidi?"

Mtu akataja bei. Dalali alitakiwa kuirudia ndipo ipande. Akafungua mdomo, ikatoka namba nyingine, ndogo kuliko iliyotajwa. Mtu wa mbele akadaka hapohapo kwamba yeye anachukua kwa bei hiyo. Wa kwanza akagomba. Dalali akajaribu kurekebisha, ikatoka namba ya tatu, kisha akakiita kitanda bata. Safari hii hakuna aliyecheka, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Wawili waliogombana walianza kusukumana, mwenye kitanda akalalamika kwamba mali yake inachezewa. Mrefu alisogea, akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, pumzika kidogo, nikushikie," akanyoosha mkono. Dalali alimpa nyundo. Kushuka kwenye kreti kulimshinda, ikabidi mkewe amshike kiuno mbele ya watu wote.

Nyumbani alirudi kwenye kiti cha dirishani na hakujibu hata shikamoo.

Mama hakupiga kelele. Alimsubiri binti atoke kazini akamwambia jikoni, huku anaosha sufuria lililokuwa safi.

"Mmempa matumaini ya bure. Alikuwa ameanza kuzoea."

"Hakuwa amezoea, mama. Alikuwa amekata tamaa."

"Na sasa?"

Binti alichukua kitambaa akalifuta lile sufuria. Mchezo ukahamia nyumbani kwa muuguzi, na cherehani ikawa ndiyo sauti pekee ya Jumapili. Mama alikuwa akimtazama mumewe mgongo na kuhesabu mambo aliyowahi kumwambia anyamaze: hadithi za yadini wakati wa kula, utani mbele ya wateja wake, nyimbo alizomwimbia vibaya wakati yeye mama anapiga pasi. Angekuwa na uwezo angeyaomba yote yarudi, hata ya kukera.

Fundi friji alipita siku moja kumjulia hali. Aliongea na mgongo wa Dalali.

"Mzee, bata amekamatwa, yuko ndani. Kiboko amegundua kile kiti ni chake, ameenda kushtaki. Bata atapelekwa mahakamani."

Dalali hakugeuka. Mama alimsindikiza mgeni mpaka nje, na walipofika getini akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Nani anamtetea?"

"Bata? Hana mtu. Mwenyewe hayupo."

Mama alilifikiria jambo hilo wakati anapiga pasi mapazia. Lilimkera kuliko alivyotegemea. Usiku, wakati wa chakula, akamwambia binti, "Waambie wenzako warudi hapa. Mtu hahukumiwi akiwa hayupo. Nitamsemea mimi."

Basi Jumapili mama aliketi mezani kwa mara ya kwanza, mikono juu ya magoti kama yuko ofisini kwa watu. Hakimu alikuwa mbuzi. Binti alikohoa, akaanza.

"Bata, unashtakiwa kwa kumuuzia mlinzi kiti chake mwenyewe. Unasemaje?"

"Samahani sana, mheshimiwa," alisema mama. "Hatarudia tena. Ni kijana mzuri. Amelelewa vizuri."

"Siyo."

Wote waligeuka. Neno lilitoka dirishani.

"Nimuombee vipi sasa?" aliuliza mama bila kumtazama, akamgeukia mbuzi tena. "Mheshimiwa, bata anaomba msamaha kwa machozi."

"Siyo. Siyo." Kiti kililia kwenye sakafu. Dalali alikuja akiburuta mguu, amekasirika kweli, akasimama nyuma ya mkewe. "Kiti," alisema. "Kiti cha... shangazi. Siyo shangazi. Kiti." Akafumba macho. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayesukuma gari. Hakuna aliyemsaidia. Binti aliuma mdomo ili asimalizie sentensi ya baba yake. "Alinunua," alisema Dalali mwishowe, akaelekeza kidole kwenye mahali patupu ambapo kiboko angekuwa amekaa. "Yeye. Alinunua. Yeye."

Muuguzi alikuwa wa kwanza kuelewa. "Hakuibiwa," alisema. "Alitaja bei mwenyewe, mbele ya mashahidi."

Dalali alitikisa kichwa kukubali, akaanguka kwenye kiti kilichokuwa karibu. Ulikuwa utetezi mzuri, na binti alisema hivyo, lakini kanuni ni kanuni. Akampa dadu. Baba yake akairusha kwa mkono wa kulia, ule mzito, ambao ulihitaji muda kufunguka. Dadu ikadondoka zaidi kuliko kurushwa. Ikaonyesha moja, namba ya kushindwa.

"Mahakama imemwona bata ana hatia," alisema binti. "Atafagia soko."

"Wewe mtoto," mama alimjia juu, "humwonei huruma baba yako? Mtu ametoa jasho lote hilo."

Dalali ndiye aliyecheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kicheko kibovu kilichomalizikia kwenye kikohozi, mpaka mama akampigapiga mgongoni huku bado anamlaumu hakimu.

Hakurudi yadini tena. Kreti sasa ni la Mrefu, ambaye hapigi utani lakini hakosei bei. Maneno yalirudi machache, mengine hayakurudi, na zipo siku Dalali anaamka amekunja uso, anakwenda dirishani moja kwa moja na hakuna wa kumsogelea, hata mkewe. Siku hizo haziishi. Lakini Jumapili iliyofuata hukumu ile, mama alisema bata amalize adhabu yake ya kufagia kwa adabu kisha arudi kwao, na Dalali akataka atoroke siku hiyohiyo, na ufagio auuze. Walibishana, mmoja kwa sentensi nzima, mwingine kwa kugonga meza na maneno mawili matatu yasiyo ya mahali pake, mpaka chai ikapoa.